Jibu: Sanduku la babu la KAR, nipake rangi?

Mkuu, umeuliza kama sanduku la bati la babu yako aliyekuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza hapa Afrika Mashariki) ulipake rangi upya. Nakuomba sana, usiliguse kwa brashi! Ile namba nyeupe kwenye mfuniko ndiyo iliyomtambulisha kambini. Askari wa KAR walifika hadi Burma mwaka 1944, na wengi waliorudi, mali yao yote ilienea ndani ya sanduku.

Askari wa Marekani katika vita hivyo, Vita vya Pili vya Dunia, walitumia masanduku ya plaiwudi, yenye trei ya juu ya wembe, sabuni na soksi. Sanduku la kila askari lilikaa miguuni mwa kitanda, likifunguliwa siku ya ukaguzi. Siku hizi mengi ni ya plastiki ngumu yenye magurudumu. Hayashiki kutu, ila kwangu hayana roho.

Kutu isugue taratibu kwa steliwaya laini yenye mafuta ya cherehani, mbali na maandishi. Hewa ya chumvi hapa Dar haina huruma, kwa hiyo liinue juu ya vipande vya mbao, lisigusane na saruji. La baba yangu lilitoboka chini kwa sababu hiyo. Bawaba zikilegea, mafundi bati wa mtaa wa Gerezani hapa Dar wanagonga ribiti vizuri.