Maswali ya Wasomaji: Benki Imenikata Mara Mbili

Barua za makato mara mbili zimekuwa nyingi, hasa za mwisho wa mwezi. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Jumamosi jioni nililipa dukani kwa kadi, Sh 86,400. Mashine ikatoa karatasi inayosema muamala haukukamilika. Muuzaji akaomba tujaribu tena, safari hii ikakubali. Kabla sijatoka dukani simu ikaingiza meseji mbili za benki, kila moja inasema nimekatwa 86,400. Tawini wananiambia nisubiri. Nisubiri nini, na hadi lini? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Unasubiri kujua kama kile kiasi cha kwanza kimekatwa kweli au kimezuiwa tu. Malipo mengi ya kadi dukani yana hatua mbili. Kwanza benki yako huulizwa kama fedha zipo. Ikikubali, hutoa namba ya idhini na kukizuia kiasi hicho, kwa hiyo salio unaloweza kutumia linapungua papo hapo. Fedha zenyewe huondoka baadaye, madai ya muuzaji yanapofika, kwa kawaida baada ya kufunga hesabu za siku kwenye mashine yake. Meseji hutumwa katika hatua ya kwanza. Meseji mbili basi zinaonyesha idhini mbili. Hazijathibitisha makato mawili.

Kwa maelezo yako, ombi la kwanza lilifika benki na likakubaliwa, lakini jibu likapotea njiani kurudi, pengine mtandao wa laini iliyomo kwenye mashine ulikatika. Mashine husubiri sekunde kadhaa, isipopata jibu huchapisha karatasi ya kushindwa, na inatakiwa itume ujumbe wa kubatilisha ili benki iachie fedha. Ujumbe huo nao unahitaji mtandao. Ukikosekana, mashine huuhifadhi ili iutume mtandao ukirudi, na hapo ndipo mambo huharibika: muuzaji akiizima au chaji ikimwishia, ujumbe unabaki umelala ndani yake na fedha zako zinabaki zimefungwa.

Omba taarifa ya akaunti kuanzia siku ile, uiweke kando ya zile karatasi mbili za dukani. Angalia namba ya idhini, ambayo ina herufi au tarakimu 6, na namba ya rejea yenye tarakimu 12, ambayo kwenye karatasi nyingi huandikwa RRN. Karatasi ya kushindwa mara nyingi haina namba ya idhini, ila namba ya rejea inaweza kuwepo. Iwapo kiasi cha kwanza bado kipo kwenye orodha ya fedha zilizozuiwa, kitaachiwa chenyewe muda wa zuio ukiisha. Muda huo huwekwa na benki: mara nyingi ni siku chache, pengine wiki au zaidi. Usikubali kuambiwa “subiri” bila tarehe. Uliza zuio linaisha siku gani, na uwaombe waliondoe kwa mkono ukiwapelekea karatasi ya kushindwa.

Mistari yote miwili ikiwa imeshakatwa na ina namba ya rejea moja, huo ni muamala mmoja ulioingizwa kwenye hesabu mara mbili. Hapo benki haina la kubishana nawe. Namba zikitofautiana, yalikuwa maombi mawili, na swali linahamia kwa muuzaji: amelipwa mara ngapi? Mwombe ripoti ya kufunga siku ya mashine yake. 86,400 yako ikionekana mara mbili, anaweza kukurudishia kwenye kadi ileile. (Usipokee taslimu bila maandishi, benki ikija kurejesha tena baadaye, utaingia kwenye mgogoro mpya.) Ikionekana mara moja, fedha zimekwama kati ya benki yako na benki yake, na ripoti hiyo ndiyo kielelezo chako kikubwa.

Zipige picha karatasi zote leo hii. Wino wake hutokana na joto na hufifia haraka, hasa zikikaa kwenye pochi au garini. Na usingoje miezi: kwa kadi za Visa, benki yako ina siku 120 za kufungua dai la kutozwa mara mbili dhidi ya benki ya muuzaji.

SWALI: Nilimtumia fundi Sh 350,000 kutoka programu ya benki kwenda namba yake ya simu. Ikakaa “inashughulikiwa”, nikatuma tena. Zote mbili zimemfikia. Benki inasema kosa ni langu. Ni kweli? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sehemu kubwa, ndiyo, na ni vigumu kulimeza. “Inashughulikiwa” maana yake benki haijapata jibu kutoka upande wa pili, basi. Kila unapobonyeza kutuma upya, mfumo huunda agizo jipya lenye namba yake ya muamala, na benki inalitekeleza kama agizo lingine halali. Baadhi ya programu hukuonya zikiona kiasi kilekile kinakwenda kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache. Programu nyingine hazina kinga hiyo, na hapo tunawalaumu wenye benki waziwazi, kwa sababu kuiweka si kazi ngumu.

Hata hivyo linganisha namba za muamala kwenye meseji zako na zile alizopokea fundi. Ukikuta agizo moja kwako limezaa mapokezi mawili kwake, kosa ni la mfumo. Ukikuta maagizo mawili, toa taarifa benki na kwenye kampuni ya simu sasa hivi, kabla fundi hajatoa fedha. Kilichokwishaingia kwa mtu hakichukuliwi kienyeji. Kwa kawaida ridhaa yake huhitajika. Mpigie fundi mwenyewe.

Siku nyingine, muamala ukining'inia, usiurudie kabla hujatazama taarifa fupi ya akaunti na kumuuliza unayemtumia.

SWALI: Agizo langu la kudumu la kodi ya nyumba, Ksh 22,500, limekatwa mara mbili usiku mmoja. Jirani mwenye akaunti benki hiyohiyo limemkuta hilohilo. Mkopo wangu ukakosa fedha nikapigwa faini. Benki imerudisha 22,500 na kusema yamekwisha. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hayajaisha. Wateja wengi wakikatwa pamoja usiku, tuhuma ya kwanza ni faili la malipo lililopitishwa mara mbili. Kazi za kufunga siku huendeshwa kwa mafungu. Fungu likikatika katikati na mhudumu wa mfumo akaliendesha upya tangu mwanzo badala ya pale lilipoishia, waliokwishakatwa hukatwa tena. Kinga ipo: mfumo unatakiwa ukatae faili lenye namba iliyokwishapokelewa na ulinganishe jumla ya fedha na idadi ya malipo kabla ya kuendelea.

Hata benki kubwa zimejikwaa hapa. Februari 1994 huko New York, Chemical Bank iliwakata wateja zaidi ya 100,000 jumla ya dola milioni 15 hivi, kwa sababu mabadiliko kwenye programu yalifanya fedha zilizotolewa ATM zihesabiwe mara mbili. Risiti za ATM zilikuwa sahihi kabisa. Mteja hakuwa na cha kumshtua hadi alipoona salio. Baadhi ya hundi zilikataliwa kwa kukosa fedha ambazo kwa kweli zilikuwepo.

Na wewe umepata madhara ya namna hiyo. Dai mambo matatu kwa maandishi. Faini ya mkopo irudishwe, pamoja na tozo yoyote ya agizo lililoshindwa. Rejesho la 22,500 lipewe tarehe ya thamani ya usiku ule wa kosa, yaani lihesabiwe kana kwamba fedha zilirudi usiku huohuo. Likihesabiwa kuanzia siku waliyorudisha, akaunti itaonekana ilikuwa na upungufu siku zote hizo, na riba itafuata. Tatu, taarifa yoyote ya kuchelewa mkopo iliyopelekwa CRB (taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji) isahihishwe. Hili la tatu ndilo husahaulika, na mtu hugundua siku anaponyimwa mkopo mwingine.

SWALI: ATM ya benki nyingine ilihesabu noti, haikutoa kitu, nikajaribu tena ikatoa 200,000. Nimekatwa 400,000. Niende benki ipi, na niandike nini? – Msomaji, Tabora

JIBU: Nenda benki iliyokupa kadi, ndiyo inayowasiliana na wenye mashine. Wao watatazama kumbukumbu ya ATM na kuhesabu fedha zilizomo. Noti zisizochukuliwa au zilizokwama mlangoni huvutwa ndani na kuwekwa kwenye kisanduku chake, kwa hiyo kukiwa na ziada ya 200,000 siku ile, dai lako limesimama. Wahi, maana picha za kamera hufutwa baada ya muda.

Barua iwe fupi: namba ya akaunti, tarakimu 4 za mwisho za kadi, mahali na namba ya ATM (hubandikwa kwenye mashine au huwa kwenye karatasi), tarehe na dakika ya kila jaribio, kiasi, namba ya rejea ya kila muamala, na unachodai. Usiandike namba ya siri wala zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi. Hakuna afisa wa benki anayezihitaji kushughulikia malalamiko. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo, na uombe namba ya lalamiko. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki. Jambo la kwanza watakalouliza ni kama ulianza kwenye benki yako, na nakala ile yenye muhuri ndiyo jibu.