Kuta Zihame, Mabomba Yabaki

Godauni nililopanga pale Mikocheni, Dar, kwenye viwanda vidogo, ili nami nikodishe nafasi kwa kampuni changa, lilikuwa na bati juu, zege chini na tofali pande zote nne. Kosa nililifanya kabla hata ya kupaka rangi: nilijenga vyumba. Vyumba kumi na viwili vya tofali, plasta safi, kila kimoja na mlango wake wa mninga, utadhani nafungua gesti. Akilini mwangu kampuni changa ya teknolojia ilikuwa inataka meza, intaneti na komeo.

Walioanza kuingia ni vijana wanne wa programu. Miezi saba haijaisha wakawa kumi na mmoja. Jirani yao kulia yupo, kushoto yupo, na tofali halisogei. Wakafungasha. Kukua kwao ndiko kulikoninyima kodi.

Lakini aliyenifungua macho ni dada mmoja aliyetaka kuweka maabara ya kupima maji. Hakuuliza habari za intaneti. Aliinama, akatazama chini ya sinki, akaniuliza, "Kaka, maji machafu hapa yanakwenda wapi?" Nikamwonyesha chemba ya choo. Alicheka mpaka nikaona haya. Tindikali za maabara huwezi kuzimwaga hivi hivi kwenye karo. Lazima zipite kwanza kwenye tangi la kupunguza ukali wake. Halafu kuna kabati la kuvuta mvuke wa kemikali, ambalo bomba lake linatoka juu ya bati, na friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, ambalo joto lote linalolitoa ndani linalimwaga chumbani. Weka friji hilo kwenye chumba kidogo Dar, mwezi wa pili, uone kiyoyozi kinavyohema.

Tulibomoa vyumba nane. Sasa kabla ya kununua hata mfuko wa saruji najiuliza kitu kimoja: hiki kitahama au hakitahama? Umeme wa njia tatu, maji safi, maji taka na uimara wa sakafu havihami, kwa hiyo hela yangu inaanzia huko. Ukuta unahama, basi uwe wa jipsamu, na usibebe bomba wala waya mkubwa. Nyaya zinapita juu, kwenye tranki, yaani mifereji ya nyaya, zilizoning'inia kwenye kenchi, fundi azifikie bila kutindua kitu.

Kipimo ninachotumia ni mita 3.2. Meza ya maabara huku sentimita 75, nyingine kule 75, katikati watu wawili wapishane bila kumwagiana. Kila baada ya mita hizo pana maji, tundu la maji taka na soketi, hata kama kwa sasa anakaa mwandishi wa programu asiyehitaji bomba. Ataondoka, atakuja mwingine.

Kule Marekani, chuo cha MIT kilikuwa na Jengo namba 20, la mbao, lililojengwa 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada na kukusudiwa libomolewe vita vikiisha. Lilidumu mpaka 1998. Watafiti walilipenda kwa sababu walitoboa kuta na kupitisha nyaya bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisemi tujenge mabanda. Nasema mpangaji asiogope kutoboa.

Umeme nao. Usiwawekee watu wote LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Sisi yuniti ziliisha usiku wa Jumamosi, wa programu wakasema ni tanuri la jirani, jirani akasema ni viyoyozi vyao, na Jumatatu sampuli zilikuwa zimeharibika. Kila mmoja awe na mita yake ndogo, na friji za sampuli ziwe na laini yao yenye jenereta.

Wapange kwa uchafu wao, si kwa jina la biashara. Anayekata chuma na anayelehemu saketi wote watakwambia wanatengeneza mashine, ila vumbi la mmoja ni hasara ya mwenzake.

Kuhusu viti vya rangi na mashine ya kahawa, sina neno.

Mkataba ndio mgumu. Mjini hapa mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mkononi, nami nililipa hivyo hivyo. Kampuni inayosubiri ankara yake ilipwe haina hela hiyo. Mimi natoza kwa kila nafasi ya mita 3.2, mwezi kwa mwezi baada ya miezi mitatu ya kwanza, na nafasi moja kati ya nane naiacha wazi makusudi. Mke wangu anaiita nafasi ya hasara. Ndiyo inayonibakishia wapangaji.

Mwezi jana dada wa maji aliomba kuongezewa. Mafundi wawili waliingia Jumamosi asubuhi, saa tisa alasiri anapanga chupa zake. Milango ya mninga ya vile vyumba nane bado ipo. Miwili nimeigeuza meza, sita imeegemea ukutani. Anayeitaka aje tuelewane bei.