Je, tuchinje mbuzi kwenye kona iliyoua?

SWALI: Assalaamu alaykum Shehe. Nakaa kando ya barabara ya Segera–Tanga, hatua chache kutoka kwenye kona. Wiki tatu zilizopita, kabla ya Alfajiri, lori la machungwa lilipinduka pale. Nilisikia kishindo nikaogopa kutoka. Nilipofika na tochi ya simu, dereva alishakata roho, na utingo wake, kijana mdogo, amelala ukingoni mwa lami anaomba maji. Mtu mmoja akasema asipewe, nikamsikiliza. Akafariki kabla hajapata gari la kumpeleka hospitali. Nilimfunika kwa kanga yangu, huku watu wanajaza machungwa kwenye viroba. Tangu siku ile silali, namwota ananiomba maji. Majirani wanasema kona inadai damu, kwa hiyo kila nyumba itoe shilingi elfu tano anunuliwe mbuzi mweusi, achinjwe palepale na Yasini isomwe. Ndoto zangu wanasema ndiyo dalili. Nichange? Nina dhambi kwa yale maji? Na kanga ile yenye damu, naweza kuswalia?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, swali lako nililisoma baada ya Isha nikashindwa kuliacha mpaka kesho yake.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayokuunguza. Huna dhambi. Aliyekwambia usimpe alisema sawa na wanavyofundishwa watoa huduma ya kwanza: majeruhi aliyeumia vibaya hanyweshwi kitu, kwa kuwa maji yanaweza kumpalia, na hospitali wanaweza kutaka kumpasua akiwa na tumbo tupu. Wewe hukumnyima mtu maji, ulifuata neno ulilodhani ni la salama kwake. Na kuchelewa kufungua mlango kwa kishindo cha usiku ni hofu ya kibinadamu. Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Mtume (s.a.w.) ametukataza kusema "lau ningefanya kadha, ingekuwa kadha", akasema neno "lau" hufungua kazi ya shetani. Naiona kazi hiyo kwako kila usiku. Kijana yule, katika saa yake ya mwisho hapa duniani, uso wake ulimulikwa na tochi ya mtu aliyemjia kwa huruma, na mwili wake ukasitiriwa na kanga ya mtu asiyemjua. Hilo nalo limeandikwa.

Kanga ifue. Mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu nguo iliyopata damu, akamwambia aikwangue, aisugue kwa maji, aioshe, kisha aswali nayo. Alama ikibaki baada ya kufua haidhuru.

Sasa mbuzi. Hapa nitakuwa mkali, na ukali wangu si juu yako.

Waarabu wa zama za ujahili, kabla ya Uislamu, walikuwa na itikadi yao kuhusu mtu aliyeuawa. Walidai kwamba kichwani mwake hutoka ndege, wakimwita hama, anayezunguka kaburi akilia "ninywesheni, ninywesheni", wala hanyamazi mpaka damu ilipwe kwa damu. Itazame vizuri itikadi hiyo, kisha utazame wanachokwambia majirani zako: marehemu anaomba maji ndotoni, kumbe kona inataka damu. Ni ndege yuleyule, ila amevuka bahari akatua Tanga. Mtume (s.a.w.) alimfuta kwa jina lake aliposema, katika Hadithi iliyo kwenye kitabu cha Bukhari, kwamba hakuna hama. Anayemrudisha leo anarudisha kilichofutwa.

Watasema: lakini sisi tunachinja kwa bismillahi, na ni sadaka. Hoja hii ndiyo inayowapoteza wengi, hata wanaoswali safu ya mbele. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana, akaja kwa Mtume (s.a.w.). Hakumuuliza utachinja kwa kusema nini. Alimuuliza habari za mahali: je, palikuwa na sanamu la ujahili likiabudiwa? Palikuwa na sikukuu miongoni mwa sikukuu zao? Alipoambiwa hapana, ndipo akamruhusu. Basi nini hukumu ya mahali ambapo watu wenyewe wanatamka kwamba pana mwenyewe anayedai? Bismillahi haitakasi kisu kilichonolewa kwa ajili ya jini. Mtume (s.a.w.) amesema, kwa mapokezi ya Ali (r.a.) yaliyo kwenye kitabu cha Hadithi cha Muslim, kwamba Allah amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah. Na katika Suratul Jinn Allah anatueleza habari za watu waliokuwa wakijikinga kwa wanaume wa kijini, wakawazidishia tu upotofu.

Kama bado wanang'ang'ania kwamba ni sadaka, wape mtihani huu. Waambie: vizuri, tununue mbuzi mweupe, tumchinje nyumbani kwa mjane wa dereva, nyama ile wale yatima, damu tuifukie shimoni. Wakikubali, changa mara mbili. Wakisema haifai mpaka awe mweusi na mpaka damu iguse lami ya pale konani, wamekwisha kukujibu mbuzi huyo ni wa nani.

Na wenzangu wa vilemba wanaoitwa kusoma Yasini mahali kama pale wakapokea bahasha, nawaambia waziwazi: mnajua. Mwenye kunyamaza kwa kuogopa watu wa mtaa ana udhuru mdogo. Mwenye kusoma hana.

Kona ile naijua. Nimeipita miaka mingi nikienda Muheza kusomesha. Nyasi zimepanda mpaka zimeficha kibao cha tahadhari, na ukingo wa lami umelika, tairi ikitoka nje hairudi. Malori yanakesha yakiwahi soko, dereva na utingo wote macho mazito. Hayo ndiyo yanayodai damu, na yote yanatibika bila mganga. Imani ina matawi sabini na kitu, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Khalifa Umar (r.a.) imepokewa kwamba alihofia kuulizwa na Allah juu ya nyumbu atakayejikwaa Iraq kwa kuwa hakumsawazishia njia, naye yuko Madina. Zile elfu tano zinunue mafyekeo. Vijana wafyeke Jumapili moja asubuhi, mtu akisimama kila upande na kitambaa chekundu. Serikali ya mtaa iandike barua TANROADS, wakala wa barabara, iambatishe muhtasari wa kikao, iombe matuta na kibao kipya. Na mjue wote namba 112 ya polisi, si mpaka siku ya msiba ndipo watu waulizane.

Wale waliojaza viroba, machungwa yale yalikuwa na mwenyewe. Kupinduka kwa gari hakuondoi umiliki. Warudishe, au watafute mwenye mzigo wamlipe, hata kama ni kiroba kimoja.

Kama kuna anayenong'ona kwamba marehemu wamekufa kifo kibaya, mnyamazishe. Mtume (s.a.w.) amemtaja aliyekufa kwa kuangukiwa na kifusi miongoni mwa mashahidi, na wapo wanazuoni wa zama zetu wanaotaraji hivyo kwa Mwislamu anayefia ajalini. Tunataraji, hatukati hukumu.

Ndoto zako hazitoki kwa marehemu. Mtume (s.a.w.) amezigawa ndoto tatu: bishara kutoka kwa Allah, huzuni anayoitia shetani, na yale mtu anayoisemesha nafsi yake mchana. Ukishtuka, jikinge kwa Allah, temea kushotoni mara tatu kwa mate mepesi, geukia ubavu mwingine, na usimsimulie kila jirani. Lakini hili pia nakuusia: ukifika mwezi bado hulali, au ukisikia breki tu mwili unatetemeka, nenda hospitali uwaeleze kama ulivyonieleza mimi. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim mpaka machozi yakatoka, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Anayekwambia kutetemeka kwako ni uchache wa imani hajui imani ni nini. Na Mtume (s.a.w.) huyohuyo ametuamrisha tutafute tiba.

Mwisho, umwage maji badala ya damu. Saad bin Ubada (r.a.) alifiwa na mama yake, akauliza sadaka gani ni bora, akaambiwa: maji. Sadaka kwa ajili ya Mwislamu aliyekufa inamfikia hata kama hamna udugu, inshallah, wala huhitaji kumjua zaidi ya ulivyomjua usiku ule. Nunua ndoo ya bomba na vikombe viwili, ijaze kila asubuhi, nuia thawabu zimwendee kijana yule. Ila usiiweke konani, watu wasije wakadhani ni chakula cha mzimu. Iweke kwenye kijiwe cha bodaboda au mlangoni mwa madrasa, mahali ambapo kuna mtu mwenye kiu.

Wallahu aalam.