Maswali ya Wasomaji: Kasisi William Jones wa Rabai

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya upili hapa Kisauni. Wanafunzi wangu wanawajua vyema wamisionari Krapf na Rebmann, ila mzee mmoja wa kanisa ametuambia kwamba aliyeishika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa, siku za watoro, yaani watumwa waliotoroka, alikuwa Mwafrika, Kasisi William Jones. Je, alikuwa nani, na ni kweli kwamba aliandamana na Askofu Hannington wa Anglikana katika safari ya Uganda?
– Mwalimu, Kisauni

JIBU: Mwalimu, mzee huyo amesema kweli. William Henry Jones alikuwa mmoja wa Waafrika wa Bombay, ambao wengi wao walitekwa wakiwa watoto, wakaokolewa majahazini na manowari za Waingereza, kisha wakapelekwa India na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1864 alikuja pwani yetu kusaidia kazi ya CMS, shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, wakati Rebmann alipokuwa bado Rabai. Alianza kama mwalimu, na kwa maoni yangu ualimu ndio uliompa heshima aliyokuwa nayo baadaye, kwani wazazi walimjua aliyewasomeshea watoto kabla hawajamjua askofu yeyote.

Ushemasi aliupata mwaka 1885 mkononi mwa Hannington mwenyewe, yaani miaka 21 baada ya kufika, pamoja na Ishmael Semler, mwenzake wa Bombay. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, alifuatana na askofu katika msafara wa kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Walipofika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, askofu aliendelea na watu wapatao 50, akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara. Hannington aliuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na wenzake wachache mno ndio waliorudi kusimulia. Jones alingoja hadi Desemba, ndipo akawaongoza wapagazi kurejea Rabai, ambako waliingia Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, yaani "utukufu umeondoka", jina ambalo mke wa mwana wa kuhani Eli alimpa mtoto wake katika kitabu cha Samweli wa Kwanza.

Habari hiyo ya msafara ndiyo husimuliwa zaidi, lakini kwangu kazi yake kubwa ni ya watoro. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na Jones hakuwafukuza, ingawa sheria ya wakati huo ilikuwa upande wa mabwana zao na wakubwa wake wa misheni walikuwa na hofu. Mwaka 1888 mabwana hao walipokuja juu, ilionekana kwamba watoro waliokuwa katika vituo vya misheni walikaribia 1,400. George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alikubali mabwana walipwe fidia, badala ya watu hao kurudishwa, na siku ya mwaka mpya wa 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai.

Pamoja na hayo yote, Jones alibaki shemasi hadi mwaka 1895, alipopewa daraja la ukasisi na Askofu Tucker. Wazungu waliokuja nyuma yake kwa miaka mingi walipandishwa upesi zaidi, na sioni sababu ya kuwaficha wanafunzi wako jambo hilo.