Injini Gani Iingie Kwenye Hilux Yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, namba ya modeli LN85, yenye injini ya dizeli ya aina ya 2L. Kwa muda mrefu imekuwa ikichemsha kila ninapopanda mlima na mzigo, na sasa fundi amesema silinda hedi imepasuka na bloku imechoka. Muuza vipuri wa Gerezani, Dar es Salaam, ana injini ya 3L iliyotoka kwenye Hiace, pamoja na 1KZ-TE yenye tabo, ambayo rafiki zangu wananisihi niichukue kwa sababu ya nguvu zake. Kaka yangu ni fundi wa mashine za kusaga, na tungependa kuifanya kazi hii wenyewe nyumbani. Tuchukue ipi, na tujihadhari na nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, chukua 3L. Injini yako ya 2L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2446, 3L ina 2779 na 5L ina 2986, na zote tatu ni za ukoo mmoja, kwa hiyo matundu ya kufungia giaboksi yanalingana, na pampu ya dizeli ya kawaida inajiendesha yenyewe bila kompyuta, ikihitaji waya mmoja tu wa kufungua na kukata mafuta. 1KZ-TE ni injini nzuri na sina nia ya kuibeza, lakini pampu yake huongozwa na kompyuta, hivyo utalazimika kupata kompyuta hiyo, vihisi vyake vyote na mkungu wa nyaya ambao haujakatwa, na baada ya hapo bado utatafuta giaboksi inayoikubali na bomba jipya la moshi. Aidha, silinda hedi yake ni ya aluminiamu na haivumilii joto kupita kiasi, nawe unataka kuiweka ndani ya gari ambalo tayari linachemsha. Breki zako nazo zilipangwa kwa injini ndogo, jambo ambalo wanaosifia nguvu za tabo hulisahau.

Hilo la kuchemsha ndilo ningependa ulitafakari kabla hujatoa hata shilingi moja, kwa maana ikiwa hujajua kilichoiua 2L, basi 3L nayo itakufa kwa ugonjwa uleule. Peleka rejeta ifunguliwe na kusafishwa, au iwekewe kiini kipya ikiwa mirija imeziba. Kagua klachi ya feni, na uhakikishe kizingia cha feni kipo, kwani bila hicho feni huzungusha hewa ileile ya moto. Kisha uliza kama themostati, yaani valvu inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta, imo. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa wakiamini kuwa wanaisaidia injini kupoa, ilhali katika injini hizi themostati inapofunguka huziba pia njia ya pembeni, na ikiondolewa njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji ikarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari hupoa vizuri mjini, halafu linachemsha mlimani likiwa na mzigo, na hivyo ndivyo ulivyolieleza lako.

Unapoikagua 3L, usitosheke na kusikia ikinguruma. Omba ipimwe mgandamizo wa kila silinda ikiwa na moto: injini isiyochoka hutoa takriban bar 31 (bar ni kipimo cha shinikizo) kwa kila silinda, iliyoshuka chini ya bar 20 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5. Kwa kuwa imetoka kwenye Hiace, sampu ya oili, bomba la kunyonyea oili na vishikio vya mauntini huenda visikae kwenye chasisi ya Hilux, kwa hiyo usiuze 2L yako wala kuitupa kabla kazi haijakamilika, maana vifaa hivyo utavitoa humo. Kama Hiace hiyo ilikuwa ya gia za otomatiki, utahitaji pia flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa, na utazame kama nyuma ya krenkishafti ipo beringi ndogo inayopokea shafti ya giaboksi, kwa sababu mara nyingi haimo.

Injini ikiwa bado chini, badilisha mkanda wa taimingi, sili ya nyuma ya krenkishafti, klachi pleti na beringi yake. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hakuna anayeweza kukuhakikishia umri wa ule uliokuja na injini ya mtumba.

Kuhusu kuinua, nawaomba msifanye mzaha. Injini hii ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na boriti ya paa au tawi la mwembe si mahali pa kuitundika. Kodisheni winchi ya mnyororo yenye stendi yake ya chuma, na asiwepo mtu wa kupitisha mkono wala mguu chini ya mzigo unaoning'inia. Tenganisheni betri kwanza, pigeni picha kila waya na bomba kabla ya kuchomoa, na giaboksi ishikiliwe kwa jeki. Wakati wa kuunganisha, injini na giaboksi vikutane vyenyewe hadi nyuso zigusane. Mkivivuta kwa kukaza bolti, mtavunja klachi pleti.

Kabla ya kuwasha, rudisheni waya mnene wa hasi unaounganisha injini na bodi, toeni hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, na hakikisheni mnajua ni waya gani wa kuchomoa pampuni iwapo injini itapaa mizunguko na kukataa kuzimika.

Jambo la mwisho ni kadi ya gari. Namba ya injini na ujazo wake vimeandikwa humo, hivyo tunza risiti na karatasi za injini, usinunue yenye namba iliyofutwa, na nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) ukaulize utaratibu wa kubadilisha taarifa hizo mapema, pamoja na kuijulisha kampuni yako ya bima.

SWALI: Mimi nimeshabadilisha 2L kwa 3L, lakini kwa kuwa pampu ya 3L ilikuwa ikivuja nilifunga ile ya zamani. Gari linawaka vizuri ila halina nguvu kama nilivyotarajia. Kosa liko wapi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pampu ya 2L imepangwa kutoa mafuta ya injini ndogo, kwa hiyo 3L yako inanyimwa chakula. Usikubali mtu akaze skrubu ya mafuta kwa kukisia, kwani moshi mweusi na joto vitafuata. Peleka pampu zote mbili kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu za dizeli. Ile ya 3L huenda inahitaji sili mpya tu, na akishaipima irudishe mahali pake, kisha taimingi ya pampu ipangwe upya.