Kabla ya kudai mabasi mapya, hesabuni yaliyopo

Vikundi vingi vya wananchi vinavyotaka mji wao upunguze mafuta huanza kwa kudai mabasi mapya, na yakiwa ya umeme ndiyo bora zaidi. Dai hilo linapendeza kwenye bango, lakini "bajeti haipo" inatosha kulizima. Dai gumu kulikwepa ni dogo na lina namba: mita 400 za njia ya mabasi pekee kabla ya makutano fulani, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi.

Mafuta yenyewe yanapotelea wapi? Basi la dizeli la mita 12 hunywa lita 36 hivi kwa kilomita 100 za mjini. Gari dogo la petroli hunywa kama lita 8, na wengi huendesha peke yao. Tuseme wastani ni watu 1.5 kwa gari: kila mmoja anachoma lita 5 na ushee. Basi likibeba watu 7 limeshalingana na gari dogo. Likibeba 40, kila abiria anachoma chini ya lita moja. Likitembea na watatu, ni hasara tupu. Kwa hiyo akiba iko kwa mwenye gari atakayepanda basi ambalo tayari linapita. Ndiyo maana nauli ya bure peke yake haifiki mbali. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, iliwafutia wakazi wake nauli mwaka 2013, na sehemu kubwa ya safari zilizohamia kwenye mabasi zilikuwa za watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Mtembea kwa miguu hana tangi la kuokoa.

Kinachomkimbiza mwenye gari ni kusubiri. Hapo ndipo penye kazi, na hesabu yake ni nyepesi: chukueni dakika za mzunguko mzima wa basi, kwenda, kurudi na kupumzika kituo cha mwisho, mzigawe kwa dakika mnazotaka ziwe kati ya basi na basi. Mzunguko wa dakika 120 kwa basi kila dakika 15 unahitaji mabasi 8. Foleni ikipungua na mzunguko ukashuka hadi 90, mabasi 6 yanatosha. Au yale yale 8 yanapita kila dakika 11. Njia ya mabasi kwenye sehemu moja mbovu inaweza kuzaa mabasi mawili bila kununua hata tairi. Mkiwa na karatasi hii, "bajeti haipo" haina pa kushika.

Namba hizo hazipatikani ofisini, zinapatikana kituoni. Chagueni ruti moja na vituo vitatu: mwanzo, katikati, na pale palipojaa zaidi. Wekeni watu wawili kila kituo, Jumanne hadi Alhamisi, kwa wiki mbili, kwani Jumatatu na Ijumaa zina tabia zao. Epukeni likizo za shule. Saa zote zifuate simu. Kwa kila basi andikeni dakika lilipofika, namba yake, na ujazo kwa ngazi tano: viti vitupu vipo, viti vimejaa, wachache wamesimama, wamebanana, limeacha watu kituoni. Msijaribu kuhesabu vichwa ndani ya basi lililobanana; mtakosea, na anayetaka kuwapinga ataanzia hapo hapo. Kosa jingine ni kuandika "limechelewa" badala ya muda. La tatu, mhesabuji anachoka na kuondoka nusu saa mapema, na pengo refu kuliko yote linakosekana daftarini.

Wengine wapande basi na kipima muda, safari 10 kila upande, wakigawa kila dakika ya kusimama: kituoni, kwenye taa, au foleni. Matokeo huwashangaza wengi. Pengine muda mwingi unaliwa mlangoni, kondakta akitafuta chenji wakati foleni nzima inasubiri. Hapo njia ya mabasi haitasaidia sana. Daini nauli ilipwe kabla ya kupanda na milango yote ifunguliwe.

Angalieni pia wastani, maana ni mwongo. Mabasi mawili yakifuatana kila baada ya nusu saa, taarifa itasema "basi kila dakika 15", na abiria angedhani atasubiri dakika saba na nusu. Kumbe anasubiri 15. Hutokea hivi: basi lililochelewa kidogo linakuta watu wengi, linakaa zaidi kituoni, linachelewa zaidi, la nyuma yake linakuta kituo kitupu na kulifikia. Mahali ambapo dereva anapeleka hesabu kwa mwenye basi kila jioni, mbio za kugombea abiria zinazidisha tatizo. Kuongeza mabasi hapa ni kuongeza msururu. Dawa ni msimamizi wa kituo cha mwisho mwenye saa na mamlaka ya kuliambia basi lisubiri.

Madereva na makondakta waendeeni kabla ya wakubwa. Wanajua kona inayokula dakika saba, na wakihisi mnawashitaki watawapinga. Wenye maduka kando ya barabara wataogopa kupoteza maegesho, basi hesabuni magari yanayoegeshwa: mara nyingi yanayokaa kutwa nzima ni ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Pendekezeni saa za kushusha mizigo nje ya zile tatu za asubuhi.

Dai liwe ukurasa mmoja, na lifike mlango sahihi. Anayemiliki barabara si lazima awe anayetoa leseni za ruti, na wote wawili si polisi. Mwaka 1994 chama cha abiria cha Los Angeles, Bus Riders Union, kiliingia kwenye kesi dhidi ya mamlaka ya usafiri, na makubaliano ya 1996 yakaweka kikomo cha wastani wa abiria wanaosimama, kikishuka hatua kwa hatua. "Boresheni huduma" isingeweza kupimwa; kikomo kilipimika.

Ombeni majaribio ya siku 90, kwa rangi na koni, na kipimo kiandikwe kabla ya koni ya kwanza kuwekwa: mzunguko ushuke kwa dakika ngapi. Mkisubiri hadi mwisho, kila mtu atakuja na kipimo chake. Hesabu ya pili ifanyike kwenye vituo vile vile, siku zile zile za wiki, kwa ngazi zile zile tano. Na siku tano za kwanza muwe na polisi wa barabarani tangu saa 12 kamili, kwa sababu gari moja likiegeshwa ndani ya njia hiyo asubuhi, kufikia saa 2 yatakuwa kumi.