Kamera imefika kwenye laini, meneja wa ubora ufanye nini?

Dada mmoja anayesimamia ubora kwenye kiwanda cha maji ya chupa huko Mbagala ameuliza: bosi kaagiza kamera ya akili mnemba ya kukagua chupa kwenye laini ya uzalishaji, je, afungashe virago? Hapana, dada. Ila kama umeneja wako ni wa mafaili, una sababu ya kuhofu. Kuandika taratibu, kujumlisha fomu za shifti, kupanga malalamiko ya wateja, hayo programu ya akili mnemba inayafanya kabla chai haijapoa. Wengi wetu tulijipatia heshima kwa makaratasi hayo, ndiyo maana inauma.

Sasa piga hesabu ambayo muuzaji hatakupigia. Anasema kamera inapatia mara 98 kati ya 100. Pitisha chupa 10,000, mbovu zikiwa 100. Itakamata 98, mbili zitapenya. Lakini zile nzima ni 9,900, na asilimia 2 yake ni 198, nazo zinatupwa. Kwenye rejekti 296, yaani chupa zilizokataliwa, mbili kati ya kila tatu hazina kosa! Watu wa uzalishaji watapiga kelele, usiku opareta atalegeza kipimo cha kamera cha kukataa chupa, na vizibo vilivyolegea vitaingia dukani.

Kabla hujasaini kuipokea, andaa chupa 300 unazozijua mwenyewe, 60 ziwe mbovu: kizibo kimepinda, lebo imekaa upande, ujazo pungufu. Zipitishe mara tatu mchana na mara tatu usiku, kwa sababu jua la saa nane likiingia dirishani picha hubadilika. Na kwa unyevu wa Dar, chupa yenye maji ya baridi hutoka jasho, kamera ikadhani ni doa. Andika matokeo ya kila aina ya kasoro peke yake, wastani huficha mengi. Kipimo kifungwe kwa nywila yako. Kila shifti ianze na chupa 10 mbovu zenye alama. Ikikosa hata moja, simamisha laini na urudie kukagua yote tangu jaribio la mwisho lililofaulu. Lebo ikibadilika au programu ikisasishwa, anza upya.

Kamera haioni bakteria. Jirani yako wa unga wa mahindi naye ajue haioni sumukuvu (aflatoksini), ambayo kikomo chake cha jumla Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Sampuli bado inakwenda maabara.

Kifungu cha 10.2 cha ISO 9001:2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kinadai utafute chanzo cha kasoro. Ukiiuliza ile programu ya akili mnemba, itakuandikia kwa ufasaha kwamba "mfanyakazi hakufunzwa vya kutosha". Acha uvivu, nenda kwenye mashine ya vizibo ukapime nguvu ya kukaza, kichwa kimoja kimoja cha kufungia vizibo.

Majina na simu za wateja usizibandike kwenye programu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Na kwenye mkataba wa kamera, dai picha za rejekti zote zibaki kiwandani, si kwa muuzaji.